Kivuli moyoni mwa dada

Msomaji, katika droo ya meza yangu nyumbani mna kadi za mchango zipatazo 200 ambazo hazikuwahi kugawiwa mtu. Zilichapishwa katika duka moja hapa Nakuru. Zina tarehe, zina jina la ukumbi, na juu kabisa zina maneno niliyoyatunga mimi mwenyewe: "Tumsaidie mwalimu wetu kupambana na kansa ya moyo."

Mwalimu huyo ni dada yangu mkubwa, na kansa ya moyo hakuwa nayo. Niliiandika kabla ya daktari yeyote kuithibitisha, nami ndiye mwandishi wa habari katika familia yetu, mtu aliyefundishwa chuoni kwamba habari haichapishwi kabla ya kuhakikishwa. Nakusimulia mkasa huu ingawa unanitia haya, kwa maana huenda wiki hii familia nyingine, pengine yako, imeambiwa kwamba ndani ya moyo wa mpendwa wao kumeonekana "kitu", nayo haijui ishike lipi iache lipi.

Uchovu wa kulea

Dada anafundisha shule ya msingi upande wa Njoro. Mwaka 2022, mvua za masika zilipokuwa zimeanza, alijifungua mtoto wake wa tatu, mvulana mwenye afya. Wiki ya sita hivi akaanza kukohoa usiku. Kisha akawa hawezi kulala chali. Alilazimika kuegemea mito mitatu, akisinzia kama abiria wa basi la usiku. Miguu nayo ikavimba hata viatu vyake vya shule vikakataa kumwingia.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mama alisema ni baridi ya Njoro, kwamba hakujifunika vizuri baada ya kujifungua. Jirani alisema damu imepungua, ale maini na managu kwa wingi. Katika zahanati moja alipewa dawa ya kifua, na aliporudi mara ya pili akaambiwa, "Mama, huo ni uchovu wa kulea. Watoto watatu si mchezo." Dada aliridhika. Ni mama gani anyonyeshaye ambaye hachoki?

Jumamosi moja nilikwenda kumtazama mpwa wangu. Dada alitoka jikoni akiwa amebeba birika la chai. Kufika mlangoni alisimama, akaliweka birika chini, akashika mwimo kwa mikono miwili huku akihema kama aliyekimbia kutoka mtoni.

"Dada, hali hii tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu nilipoanza kulala nimekaa," akajibu, nusu akicheka.

Sikucheka. Jumatatu iliyofuata tulikuwa mbele ya daktari wa moyo mjini Nakuru. Alimpaka dada mafuta ya baridi kifuani, akapitisha kile kifaa cha mawimbi ya sauti ambacho watu wengi hukiita eko, na moyo wa dada ukaonekana kwenye kioo. Hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba ulikuwa ukipiga kwa uvivu.

Daktari alitueleza kwamba wapo wanawake ambao misuli ya moyo wao hulegea katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua. Dalili zake ni zizo hizo za dada: kukosa hewa ukilala chali, kikohozi cha usiku, miguu kuvimba. Kwa kuwa zinafanana na uchovu wa kawaida, wengi huchelewa kutibiwa. Moyo wenye nguvu husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyo katika chumba chake kikuu kila unapopiga. Wa dada ulikuwa ukisukuma robo tu.

Alipokuwa akimalizia, mkono wake ulisimama. Akarudi nyuma, akatazama tena, akanyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Naona kivuli kwenye ncha ya chumba cha chini cha kushoto," akasema hatimaye. "Huenda ni damu iliyoganda. Huenda ni uvimbe. Kwa picha hii siwezi kuapa."

Neno moja linavyotembea

Sasa msomaji, sikiliza jinsi masikio ya binadamu yalivyo. Daktari alisema mambo mawili, mimi nikasikia moja. "Damu iliyoganda" ilipita kama upepo, lakini "uvimbe" ukanasa. Tulipofika kituo cha matatu, uvimbe ulikuwa umekwisha kuwa kansa. Nilimpigia simu baba kule Elburgon nikamwambia hivyo, kwa sauti ya mtu anayejua. Jioni, kundi la familia kwenye simu lilikuwa limejaa maombi, vilio na majina ya hospitali za India.

Siku ya tatu baba alikuwa amemwita dalali aje kutazama ekari mbili za shamba, zile alizokuwa amewatengea wajukuu. Siku ya tano kamati ya harambee ilikuwa imekaa, nami nikapewa kazi ya kuandika kadi.

Dada mwenyewe hakuwa akisema mengi. Alikuwa ameanza dawa za kuupa moyo nguvu, za kupunguza maji mwilini, pamoja na sindano za kuzuia damu kuganda, na miguu ilikuwa ikipungua kuvimba. Lakini nilipomtembelea wiki ile nilimkuta akimlisha mtoto kwa chupa, na mtoto analia akiikataa.

"Mbona humnyonyeshi?" nikamwuliza.

"Namzoesha," alisema bila kuinua macho. "Asije akateseka siku nitakapokuwa sipo."

Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji hadi macho yakauke.

Tulipomrudia daktari tulikwenda kama ujumbe wa kijiji: baba, mama, shemeji, dada na mimi. Baba akamwuliza, kwa heshima zote, ni hospitali gani ya India inayotibu kansa ya moyo kwa bei ambayo ekari mbili zaweza kulipa.

Daktari alivua miwani. "Mzee, ni nani aliyewaambia kwamba ni kansa?"

Wote wakanigeukia.

Je, moyo huota uvimbe?

Daktari hakunigombeza. Alichukua karatasi, akachora moyo wenye vyumba vinne, akatufundisha kama darasa. Mengi ya haya nimeyasoma zaidi baadaye, nami nakugawia.

Naam, moyo huota uvimbe, lakini kwa nadra sana. Madaktari waliochunguza maiti za watu wengi wameukuta uvimbe ulioanzia moyoni kwa watu wachache mno, chini ya mmoja kati ya kila 1,000. Kansa iliyoanzia kwingine, kama vile mapafuni, kwenye titi, kwenye tezi au katika damu, kisha ikasambaa hadi moyoni, huonekana mara 20 au zaidi kuliko hiyo.

Tena uvimbe ulioanzia moyoni kwa kawaida si kansa. Kwa watu wazima unaojulikana zaidi ni miksoma, uvimbe laini kama utelezi uliogandamana, ambao mara nyingi huning'inia ndani ya chumba cha juu cha kushoto. Moyo unapopiga, hubembea na kuziba vali kama mlango mbovu. Mgonjwa hukosa hewa, huzirai, na pengine hupata homa na kukonda. Kipande kikikatika huweza kwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Dalili hizo hufanana na za vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao bado unawasumbua vijana wengi wa Afrika Mashariki. Ndiyo maana miksoma yaweza kudhaniwa kuwa ugonjwa wa vali hadi moyo utazamwe kwa eko. Ikigunduliwa, hutolewa kwa upasuaji, na wengi hupona kabisa.

Kwa watoto unaoongoza ni rabdomioma. Huu mara nyingi hunywea wenyewe mtoto anapokua, japo lazima achunguzwe, kwa sababu huandamana na ugonjwa wa kurithi unaogusa ngozi na ubongo. Kuna fibroma, ambayo ni ngumu kama kovu. Kuna lipoma, ambayo ni mafuta. Na kuna sakoma, ambayo ndiyo kansa yenyewe, kali na yenye haraka.

Halafu kuna kile kisicho uvimbe hata kidogo: bonge la damu. Moyo uliolegea hausukumi damu yote, na damu inayosimama mahali pamoja huganda. Wapi inasimama zaidi? Kwenye ncha ya chumba cha chini, palepale palipokuwa na kivuli cha dada.

"Sasa mnaelewa," daktari alisema. "Bonge la damu hutibiwa kwa vidonge. Miksoma hukatwa. Sakoma ina njia yake ngumu. Nikikosea jina, nakosea tiba. Nitamfungua kifua mama anayenyonyesha kwa ajili ya kitu ambacho kingeyeyuka kwa vidonge? Au nimpe vidonge miezi sita huku uvimbe ukikua?"

Eko, alisema, ndicho kipimo cha kwanza na mara nyingi hutosha. Lakini ncha ya moyo iko karibu mno na kifaa kinapowekwa kifuani, na picha ya pale huwa na ukungu. Alitaka picha ya MRI, inayopigwa kwa nguvu za sumaku. Mashine yenyewe si kitu kigeni tena katika miji yetu. Lakini kupiga picha ya moyo, kiungo kisichotulia hata nukta moja, kwahitaji programu maalumu na mtaalamu aliyesomea kuisoma. Hivyo akatuandikia barua ya kwenda Nairobi.

"Na shamba, mzee," alimwambia baba, "liache kwanza."

Kulifanyia moyo mazoezi

Bei ya kipimo ilitutoa jasho. Baba aliuza mtamba mmoja, shemeji akaongeza, nami nikatoa nilichokuwa nacho. Kulikuwa na kikwazo kingine: mgonjwa hulala chali ndani ya mashine kwa muda wa karibu saa nzima, na dada hangeweza kulala chali hata dakika kumi. Daktari akatupa wiki mbili za dawa kwanza, na mazoezi.

Mazoezi hayo yalisimamiwa na baba. Alikuja Njoro akakaa huko. Kila jioni aliondoa mto mmoja, kisha akaketi kando ya kitanda na saa yake ya mkononi. "Vuta pumzi. Toa. Sasa shika." Dada anashika pumzi, baba anatazama mshale. "Tano... nane... kumi. Achia." Siku ya kwanza alifika sita. Wiki ya pili alifika kumi na tatu akiwa amelala kwenye mto mmoja, na baba akapiga makofi kama yuko uwanja wa Afraha.

Tuliondoka usiku wa saa tisa, dada na mtoto kwenye kiti cha mbele. Tulipita Gilgil na Naivasha gizani, na kulipopambazuka tulikuwa tunapanda kuelekea Limuru huku ukungu umelala bondeni. Dada alitazama nje njia nzima. Mara moja tu alisema, "Mashine yenyewe wanasema ni kama kaburi."

Ni kweli ni tundu, msomaji, mfano wa pipa kubwa lililolazwa, lakini limewazi pande zote mbili, lina taa na hewa. Kabla ya kuingia, dada aliulizwa maswali mengi kuhusu chuma: je, amewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo? Klipu kichwani baada ya upasuaji? Je, amewahi kuingiwa na vipande vya chuma machoni? Alivua pete, hereni, na pini za nywele. Maswali hayo si ya mzaha. Sumaku nyingi za hospitali zina nguvu ya Tesla 1.5, yaani takriban mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayoelekeza dira, na haizimwi mgonjwa anapotoka. Wenye vifaa mwilini wasijifiche wala wasijikatie tamaa, kwani baadhi ya vifaa vya siku hizi huruhusiwa. Muhimu ni kusema.

Paredi ya asubuhi

Mashine hii haitumii miale kama ya eksirei. Miili yetu imejaa maji, na kila chembe ya maji ina atomi mbili za haidrojeni. Kiini cha atomi hiyo hufanya kama sumaku ndogo sana. Ukiingia ndani ya sumaku kubwa, vijisumaku hivyo hujipanga. Mashine hutuma mawimbi ya redio, vijisumaku vikayumba. Mawimbi yakikatwa, hurudi mahali pake vikitoa ishara hafifu, na kompyuta huzikusanya na kuzigeuza kuwa picha. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walituzwa Nobel mwaka 2003 kwa kuonyesha jinsi ishara hizo zinavyoweza kufanywa picha.

Mtaalamu alipotueleza hayo, dada alimkatiza. "Ni kama paredi ya asubuhi," akasema. "Wanafunzi wote wamesimama wima. Ukisema legeza, wa darasa la kwanza hawalegei sawa na wa darasa la nane."

Mtaalamu alicheka, akasema hajawahi kuelezwa kazi yake vizuri namna ile. Maana ndivyo ilivyo: maji hurudi kwa mwendo wake, mafuta kwa wake, msuli na kovu kwa wake. Kwa tofauti hiyo, miksoma iliyojaa maji hung'aa katika picha fulani, lipoma hujulikana kwa kuwa mashine yaweza kuyafifisha mafuta peke yake, na fibroma hubaki nyeusi katika picha ambayo miksoma imeng'aa.

Lakini moyo unaruka-ruka. Umewahi kumpiga picha mtoto asiyetulia? Hapo ndipo nyaya za kupimia umeme wa moyo hubandikwa kifuani. Mashine hufuata mapigo na kuchukua picha vipande vipande, kila mara moyo ukiwa katika hatua ileile. Na ili mapafu yasiutikise, mgonjwa huambiwa ashike pumzi. Dada alisema sauti iliyotoka kwenye vipaza sauti vya masikioni ilikuwa ya msichana wa Nairobi, lakini yeye alisikia ya baba: "Sasa shika."

Sehemu ya mwisho ndiyo iliyojibu swali letu. Dada alidungwa mkononi dawa yenye madini ya gadoliniamu, baada ya figo zake kupimwa, kwa kuwa mwenye figo dhaifu sana huhitaji tahadhari. Dawa hii huenda palipo na damu. Uvimbe ulio hai una mishipa yake, hivyo huinywa na kubadilika rangi, na sakoma huinywa kwa mabakabaka, huku kingo zake zikiwa zimeparuza na kupenya sehemu za jirani. Dakika kumi baadaye hupigwa picha nyingine. Kovu na aina nyingi za uvimbe huwa zimeishikilia dawa na kung'aa. Lakini bonge la damu halina mshipa hata mmoja. Dawa hulizunguka na kulipita.

Rangi nyeusi

Tulisubiri nje, mimi na shemeji, tukibadilishana mtoto aliyekuwa analia kwa njaa na kutema chupa. Majibu kamili yalikuja siku ya tatu Nakuru. Daktari aliweka picha kwenye kompyuta, akatuonyesha msuli wa moyo, kijivu, na damu, nyeupe. Kwenye ncha kulikuwa na kitu kama kokwa la parachichi.

"Hii ni kabla ya dawa," alisema. "Hii ni dakika ya kwanza. Hii ni baada ya dakika kumi. Mnaona nini?"

Baba alisogea karibu. "Bado ni nyeusi," akasema.

"Bado ni nyeusi, mzee. Haikunywa kitu. Ni damu iliyoganda, na msuli uliopo chini yake hauna uvimbe."

Hakuna aliyepiga kelele. Mama alianza kuomba kimyakimya. Dada aliuliza swali moja tu: kama ile sindano ya Nairobi imeingia kwenye maziwa. Daktari alimwambia ni kiasi kidogo mno, hakizuii kunyonyesha, na dawa anazokunywa amezichagua akijua kwamba ana mtoto. Dada akamchukua mwanawe kutoka mikononi mwa mama, akageukia ukutani, akamnyonyesha palepale ofisini mwa daktari.

Nisikudanganye kwamba picha hii hujua kila kitu. Uvimbe ukionekana, jina lake la mwisho mara nyingi hutolewa na maabara baada ya kipande kutazamwa kwa hadubini. Tena kuna magonjwa ambayo hujifanya uvimbe. Mojawapo lilielezwa na daktari J.N.P. Davies wa Kampala mwaka 1948: utando wa ndani wa moyo hugeuka kovu nene na kuijaza ncha ya chumba, na juu ya kovu damu huganda. Kwa eko ungeapa ni uvimbe. MRI huonyesha tabaka zake: msuli, kisha kovu linalong'aa, kisha damu nyeusi. Ugonjwa huo ni wa nchi zetu za joto, na ni sababu nzuri ya madaktari wetu kuwa na picha hizi.

Hata kama lingekuwa la kukatwa, India haikuwa njia pekee. Upasuaji wa moyo hufanywa Nairobi, hufanywa Eldoret, na hufanywa Tenwek kule Bomet, safari ya saa chache kutoka Nakuru. Dar es Salaam wana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu mwaka 2015. Haya yote sikuyauliza kabla ya kumwacha baba atafute dalali.

Kilichobaki

Dada alipewa vidonge vya warfarini, akawa anapimwa damu mara kwa mara kuona kama dawa imezidi au imepungua. Aliambiwa asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula, kwa kuwa zikizidi hupunguza nguvu ya dawa. Yale managu ya jirani yakawekewa kipimo. Baada ya miezi mitatu eko ilionyesha kwamba bonge limekwisha. Baada ya mwaka, moyo ulikuwa ukisukuma nusu ya damu yake, karibu sawa na wa mtu mzima wa afya. Ameonywa asishike mimba nyingine bila ya kuonana na daktari wa moyo, maana ugonjwa huu huweza kurudi. Yuko darasani. Ekari mbili za Elburgon zina viazi.

Ewe msomaji, ukiambiwa kuna kivuli moyoni mwa mtu wako, usiulize kwanza ni hospitali gani ya ng'ambo. Uliza: Je, ni uvimbe au ni damu iliyoganda? Tunajuaje? Eko imetosha, au kuna kipimo kingine kitakachobadilisha tiba? Hospitali hiyo hupiga picha za moyo, au za kichwa na mgongo tu? Bei ni ngapi, na bima italipa kiasi gani? Na mama aliyejifungua asiyeweza kulala chali, usimwambie kwamba ni uchovu. Mpeleke akapimwe.

Kadi zangu nilitaka kuzichoma. Nilimwambia dada siku moja alipokuja kunitembelea na yule mvulana, ambaye sasa anakimbia na kuvunja vikombe vyangu. Aliichukua moja, akaisoma kwa jicho la mwalimu anayesahihisha, akanirudishia.

"Usizichome," alisema. "Ziache humo humo. Siku utakapotaka kuandika jambo usilolijua, fungua droo."